Vumbi la kiwanda cha saruji: linaua rutuba ya shamba au ni chokaa ya bure?

#1 Mwana Mtambani

Wakuu, habari za humu.

Shamba letu la familia lipo huku pwani, na kiwanda kimoja cha saruji kiko kusini-mashariki yake. Kusi ikianza kuvuma, vumbi lote ni letu. Kiwanda sitakitaja, msinihangaishe. Alfajiri ukipita shambani unakuta majani ya mahindi yamepakwa unga mweupe. Jua likipanda na umande ukikauka, ule unga unakuwa ukoko, ukiukwangua kwa kucha unabanduka vipande.

Mama anasimulia jinsi walivyokuwa wanavuna hadi wanaazima magunia. Siku hizi mahindi yanadumaa, na maharage ndiyo usiseme: majani machanga yanatoka ya njano, mishipa tu inabaki kijani. Jirani yetu anasema tunalalamika bure, vumbi lile ni chokaa, wenzetu wa nyanda za juu wanainunua kwa pesa zao. Nimepeleka udongo maabara, majibu yamerudi pH 8.1 (pH ni kipimo cha uchachu: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alikali).

Sasa je, vumbi limeua rutuba au jirani ana hoja? Nawasilisha.

#2 Kapu la Muhogo

Nakaa kwenye mkeka nasubiri wajuzi.

#3 Jembe Halilali

Jirani yako ana hoja tena kubwa. Mimi nalima Mbozi, huko huko nyanda za juu. Udongo wangu ulipimwa ukakutwa pH 4.9. Ukishuka chini ya 5.5 alumini inaachiwa kwenye udongo, mizizi inakuwa mifupi na minene, mbolea unaweka lakini mmea hauinywi. Nikanunua chokaa ya kilimo, nikalipia na lori la kuileta, na mahindi yakabadilika. Wewe unamwagiwa bure kutoka angani halafu unafungua uzi? Ningekuwa mimi ningempelekea meneja jogoo.

#4 Udongo Mweusi

Mkuu Jembe, dawa ya Mbozi usiitoe pwani. Wewe ulikuwa 4.9, chokaa ikakupandisha. Yeye yuko 8.1 tayari, na kumbuka kila namba moja ya pH ni mara kumi. Mahindi yanataka kati ya 5.5 na 7 hivi. Ukivuka 7.5 mambo yanaanza kufungwa:

Fosforasi inashikana na kalsiamu, inabaki humo humo udongoni lakini mzizi hauipati. Chuma, zinki na manganizi navyo vinakuwa haviyeyuki. Hayo majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani ni njaa ya chuma, inaanzia majani mapya kwa sababu chuma kikishakaa kwenye jani la zamani hakihami. Kama ingekuwa nitrojeni ungeona njano inaanzia majani ya chini. Kwenye mahindi angalia mistari mipana iliyopauka pembeni mwa mshipa wa katikati, hiyo ni zinki.

Jambo la pili, uliza unatumia mbolea gani. Ukimwaga urea juu ya udongo wa 8 bila kuifukia, sehemu kubwa inageuka amonia inapaa. Unalisha hewa.

Kwa hiyo rutuba haijafa. Imefungiwa ndani na funguo zimetupwa.

#5 Mama Mchicha

Mimi nipo jirani na machimbo ya kokoto, si saruji, lakini naomba niseme kitu. Nyote mmekimbilia udongo, mbona hamuongelei majani? Bustani yangu ilivyokuwa inapigwa na vumbi nilikuwa namwagia maji mchicha kwa juu asubuhi, na mchicha ukanenepa. Udongo ulikuwa ule ule. Jani likifunikwa halipati jua, na vile vitundu linavyopumulia vinaziba. Saruji ndiyo mbaya zaidi kwa sababu ikikutana na umande inaganda, haioshwi na manyunyu madogo. Na maua je? Maharage yakichanua vumbi likakaa kwenye ua, unategemea nini?

#6 Mwana Mtambani

#4 natumia urea, tena naitupa juu tu. #5 dada asante, hilo la maua sijaliwaza.

#7 Fundi Tanuru

Nimefanya kazi kwenye viwanda vya saruji miaka mingi, sasa nimestaafu, kwa hiyo simtetei mtu. Watu wanasema "vumbi la saruji" kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja. Kuna vumbi la mawe ya chokaa kutoka machimboni na kwenye kisagio, hilo ni jiwe tu lililosagwa. Kuna vumbi linalotoka na moshi wa tanuru, ambako mawe na udongo vinachomwa hadi kama nyuzi 1450; hilo lina chokaa iliyoungua na chumvi za potasi, ukilikoroga kwenye maji unapata pH 12. Na kuna saruji yenyewe inayopeperuka kwenye kupakia. Kila moja lina tabia yake shambani.

Lakini mimi nitakuambia vumbi kubwa linatoka wapi: barabara. Malori ya mawe yanapita njia ya vumbi usiku na mchana. Bomba la moshi watu wanaliogopa kwa sababu ni refu na linaonekana. Viwanda vya sasa vina vichujio, ama vya umeme ama vya mifuko. Kabla hujalaumu bomba, kalinganishe mahindi yaliyo kando ya barabara na yaliyo katikati ya shamba.

#8 Jembe Halilali

pH 12! Basi shamba lake lingekuwa limeshaungua lote. Mbona maabara imesema 8.1? Chai hii.

#9 Fundi Tanuru

Si chai. Chokaa iliyoungua haikai hivyo milele. Ikipata maji na hewa ya ukaa inarudi kuwa jiwe la chokaa tena, na jiwe la chokaa haliwezi kupandisha udongo zaidi ya 8.3 hivi. Ndiyo maana maabara imekuta 8.1. Ukiona udongo umefika 9 au 10 hapo kuna magadi, hilo ni shauri lingine. Ile pH 12 inalipata jani asubuhi ya kwanza, kabla vumbi halijapoa. Kwa hiyo hapo namuunga mkono Mama Mchicha.

#10 Mama Mchicha

Umesikia Jembe? Jogoo mlete kwangu.

#11 Mpemba wa Maweni

Yakhe, mnapiga mbio mno. Hebu niulize swali la kitoto: kiwanda cha saruji hujengwa wapi? Hujengwa palipo na mawe ya chokaa. Hakuna mtu anayebeba mlima kuupeleka kwengine. Basi huo udongo wa huyu bwana huenda ulikuwa 8 tangu enzi za bibi yake, kwa sababu umekaa juu ya jiwe la chokaa au matumbawe. Huku kwetu ardhi ya maweni ndivyo ilivyo, udongo mwekundu kiasi cha kiganja juu ya jiwe, wala hatuna kiwanda cha saruji. Na muhogo tunakula, embe tunakula.

#12 Udongo Mweusi

Hoja ya #11 ni nzito na siwezi kuipangua kwa pH moja. Mwana Mtambani, ulichota udongo kina gani?

#13 Mwana Mtambani

Nilichota juu juu kwa jembe, nikajaza mfuko.

#14 Udongo Mweusi

Basi majibu hayo hayatusaidii kuhukumu. Vumbi linashuka kutoka juu, kwa hiyo likiwa ndilo chanzo, sentimita 5 za juu zitakuwa na pH kubwa kuliko sentimita 30 chini. Jiwe liko chini, kwa hiyo likiwa ndilo chanzo, kadiri unavyochimba ndivyo chokaa inavyozidi. Chota sehemu mbili, juu na chini, usichanganye. Halafu chota tena upande wa pili wa kiwanda, ambako kusi haipeleki vumbi. Tafuta udongo wenye rangi na mwinuko kama wa kwenu.

Ukitaka kuanza bila maabara, dondosha siki kwenye bonge la udongo mkavu. Ukichemka povu, kuna chokaa huru.

#15 Kapu la Muhogo

Na kama udongo utachemka juu na chini?

#16 Udongo Mweusi

Basi wote wawili wamo, Mpemba na kiwanda.

#17 Kapu la Muhogo

Hahaha, sayansi bwana.

#18 Kiduha Mkavu

Naona wasomi mmejaa, ngoja mkulima wa darasa la saba aongee. Shamba la ukoo limelimwa mahindi juu ya mahindi tangu babu. Samadi haijawekwa, mabua yanachomwa au yanapewa ng'ombe wa jirani, wala halijapumzishwa. Halafu rutuba ikiisha tunatafuta bomba la moshi. Mimi kwetu hakuna kiwanda hata cha kusaga na mahindi yalidumaa vile vile. Tulipochunguza, ni kiduha kimejaa, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Mwana Mtambani, maua ya zambarau huyaoni katikati ya mahindi?

#19 Mwana Mtambani

#18 yapo kiasi, upande wa chini. Lakini mzee, kiduha hakifanyi maharage kuwa njano.

#20 Kiduha Mkavu

Maharage yana sababu zake. Mpaka sasa nimesikia sababu tano na zote umezikubali. Wewe ni mteja mzuri.

#21 Athi Kapiti

Salamu kutoka Kenya, wadau. Niko upande wa Mto Athi, huku viwanda vya saruji vimejipanga. Sisi udongo wetu ni ule mweusi wa mfinyanzi, unapasuka kiangazi na kunata masika, na wenyewe kiasili una chokaa chini. Kwa hiyo nakubaliana na ndugu wa Pemba. Lakini nina jambo la kuuliza: mbona pale Bamburi, Mombasa, kwenye machimbo yenyewe ya saruji, kumeota msitu? Kule hakukuwa hata na udongo, ilikuwa mwamba mtupu wa matumbawe na maji ya chumvi chini yake. Kuanzia 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda kile, alijaribu aina 26 za miti, zikabaki tatu tu, na mvinje ndio uliotawala. Leo ni Haller Park, watu wanalipa kiingilio kuona viboko na twiga. Kama chokaa inaua rutuba, msitu ule umetoka wapi?

#22 Udongo Mweusi

Umetoka kwenye mvinje na jongoo. Mvinje una vijidudu mizizini vinavyokamata nitrojeni ya hewani, kwa hiyo haukuhitaji udongo uwe na nitrojeni. Shida ilikuwa majani yake yaliyoanguka: magumu, hayaozi, yakarundikana. Haller akaleta jongoo, wakayala na kuyageuza mboji, na mboji ndiyo iliyotengeneza udongo. Angalia vizuri, chokaa haikuondolewa. Kilichoongezwa ni mboji. Mboji inashika chuma na zinki katika hali ambayo mzizi unaweza kuvichukua hata pH ikiwa juu. Hapo ndipo mzee Kiduha ana haki: shamba lisilo na samadi linaumizwa na vumbi mara mbili.

Lakini aina 23 zilikufa, msisahau.

#23 Jembe Halilali

Kwa hiyo apande mvinje ale nini, jongoo?

#24 Mkorosho Mkavu

Wana Mtwara tupo. Huku kwetu kisa ni kinyume, na naona kitawasaidia. Sisi vumbi tunajimwagia wenyewe: salfa. Korosho zikishikwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, wakati wa maua, tunapuliza unga wa salfa, na ndio uliookoa korosho ya kusini. Sasa ule unga unaodondoka chini unageuzwa na bakteria wa udongoni kuwa asidi. Udongo wetu ni mchanga, hauna nguvu ya kujitetea, pH inashuka mwaka hadi mwaka. Mkorosho wenyewe unavumilia, lakini ukitaka kulima mahindi au njugu chini yake unaona tofauti. Watafiti wa korosho wa Naliendele wamelisema hilo siku nyingi.

Napendekeza biashara: mtuletee vumbi lenu, tuwaletee salfa.

#25 Mwana Mtambani

#24 kumbe! Sasa salfa nikiimwaga shambani si itashusha hiyo 8.1?

#26 Udongo Mweusi

Piga hesabu kwanza. Udongo wa sentimita 15 za juu kwenye hekta moja ni karibu tani 2,000. Kama una chokaa asilimia 1 tu, hizo ni tani 20. Kila tani ya chokaa inataka karibu kilo 320 za salfa kuimaliza. Zidisha: tani 6 na ushee kwa hekta, na vumbi bado linashuka. Utafilisika kabla pH haijasogea. Bora uache urea, utumie SA (salfeti ya amonia), ambayo inaleta uchachu kidogo karibu na mzizi, ufukie mbolea ya fosforasi kwenye mstari badala ya kutawanya, na samadi kadiri unavyopata. Zinki unaweza kupuliza kwenye jani. Na usiweke chokaa, hata ukisikia redioni kwamba serikali inahamasisha chokaa. Wanaongea na Jembe, hawaongei na wewe.

#27 Mtoto wa Katuba

Bandugu, jambo yenu. Mimi niko Lubumbashi. Nimesoma yote na naona nyinyi mna bahati, vumbi lenu ni chokaa. Sisi huku kiyeyushio cha shaba kilianza kazi 1911, na upepo unavuma kutoka kusini-mashariki kama kwa Mwana Mtambani. Upande wa kaskazini-magharibi, kuelekea Penga Penga, miti ya miombo ilikwisha. Moshi ulishuka na salfa inayofanya asidi, na vumbi lenye shaba, kobalti, zinki, risasi, kadmiamu. Udongo wa juu umechukuliwa na mvua, kunabaki ardhi tupu na majani mafupi yaliyozoea shaba. Pale hakuna swali la rutuba imefungwa ao imekufa, unaona kwa macho.

Watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kupanda miti pale. Wanachimba shimo, wanajaza mboji na chokaa, ndiyo mti unashika. Chokaa, mnasikia? Ile ambayo nyinyi mnaikimbia.

#28 Baridi Kali

Natoa ushahidi wa #27 kutoka Kanada. Mji wa Sudbury, Ontario, ulikuwa hivyo hivyo kwa sababu ya kuyeyusha nikeli na shaba: vilima vyeusi bila jani. Kuanzia 1978 walianza kumwaga unga wa mawe ya chokaa, tani 10 kwa hekta, wanafunzi wa likizo wanabeba mifuko mgongoni na kumwaga kwa mkono. Kisha mbegu za nyasi, kisha miti. Leo kuna misitu. Chokaa ilipandisha pH na metali zikatulia udongoni.

#29 Jembe Halilali

Nilisema nini mimi? Nilisema niniii? Sudbury wanabeba kwa mgongo, yeye analetewa na upepo.

#30 Fundi Tanuru

Tani 10 mara moja kwenye udongo wa asidi si sawa na kidogo kidogo kila siku kwenye udongo ulioshiba. Tumpigie hesabu. Tuseme vumbi linaloshuka ni gramu 1 tu kwa mita mraba kwa siku, vumbi ambalo ukifuta meza jioni unaliona. Kwa hekta ni kilo 10 kwa siku, kwa mwaka ni tani 36.

#31 Kapu la Muhogo

Kilo 10 mara siku 365 ni kilo 3,650. Hiyo ni tani 3.65, fundi. Ndiyo maana majengo yanaanguka.

#32 Fundi Tanuru

Hata tani 3.65 inatosha hoja yangu. Ni kama tani moja na nusu kwa ekari. Mkulima wa Mbozi akiambiwa aweke kiasi hicho anaweka mara moja halafu anakaa misimu kadhaa. Huyu anawekewa kila mwaka, haulizwi.

#33 Mama Mchicha

Gramu 1 umeitoa wapi? Umesema "tuseme". Apime. Beseni lenye mdomo mpana, liwekwe juu ya kichanja kirefu kuliko mahindi, mbali na mti na mbali na barabara. Na lingine kando ya barabara. Vumbi likikusanyika lipimwe kwa mizani ya sonara. Hapo tutajua kama ni bomba au malori.

#34 Athi Kapiti

#28 umesema metali zinatulia pH ikipanda. Ni kweli kwa risasi, zinki na kadmiamu. Si kweli kwa zote: aseniki na ile kromiamu yenye sumu zinatembea vizuri zaidi kwenye alikali. Siku hizi matanuru mengi yanachoma matairi na taka badala ya makaa, kwa hiyo swali la metali lisifungwe haraka. Na risasi ikishaingia udongoni haiendi popote. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi na kiwanda cha kuyeyusha betri, watoto wakadhurika, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kule nako ni vumbi na udongo, ila hakuna aliyeuliza kuhusu mahindi.

#35 Mama Mchicha

Hapo umenitisha. Mchicha wangu wa kokoto je?

#36 Athi Kapiti

Jiwe la kokoto si betri, dada. Osha tu vizuri. Aliye karibu na kiyeyushio ndiye asidhani kuchemsha kunaondoa risasi.

#37 Sheria na Haki

Mnapiga kemia, hakuna anayeuliza sheria. Tanzania tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za ubora wa hewa za 2007. Mwana Mtambani, umeandika barua NEMC, wasimamizi wa mazingira? Serikali ya kijiji ina muhtasari wowote wa malalamiko? Bila karatasi wewe ni mtu anayekohoa tu.

#38 Kiduha Mkavu

Akiandika wataulizana: nani alikuja kwanza, shamba au kiwanda?

#39 Mwana Mtambani

Shamba. Mama alizaliwa hapa.

#40 Sheria na Haki

Nzuri. Lakini kiwanda kitakuja na mtaalamu wake, atasema maneno ya Mpemba: udongo wa asili. Atasema maneno ya Kiduha: umechoka. Huu uzi wakiusoma wamemaliza utetezi wao.

#41 Mpemba wa Maweni

Sasa nilaumiwe mie kwa kusema kweli?

#42 Mkorosho Mkavu

Swali kwa mwenye uzi. Kusi inavuma masika mpaka kiangazi. Vuli upepo unageuka, kaskazi inapeleka vumbi upande mwingine. Mazao ya vuli yakoje? Kama shida ni jani, kama anavyosema Mama Mchicha, vuli ingekuwa nzuri. Kama shida ni udongo, misimu yote ingekuwa sawa.

#43 Udongo Mweusi

Swali bora la uzi huu.

#44 Mwana Mtambani

Vuli mahindi ni afadhali, yanarefuka. Maharage ni njano misimu yote.

#45 Mama Mchicha

Mahindi ni jani! Nimeshinda.

#46 Udongo Mweusi

Maharage ni udongo. Hujashinda. Maharage yanaumia na njaa ya chuma mapema kuliko mahindi. Tena mvua za vuli zinaweza kuwa ndizo zilizoyarefusha mahindi.

#47 Kiduha Mkavu

Au vuli analima upande wa juu ambako hakuna kiduha. Muulizeni.

#48 Mwana Mtambani

Mzee umenipata, vuli nalima upande wa juu zaidi kwa sababu chini kunatuama maji.

#49 Kapu la Muhogo

Kunatuama maji??? Hili ulilificha mpaka ukurasa wa tatu? Yale maji yanatoka wapi, machimboni?

#50 Mwana Mtambani

Sikuficha, sikuulizwa. Maji yanashuka kutoka upande wa machimbo mvua ikiwa kubwa, yakikauka yanaacha tope jeupe.

#51 Fundi Tanuru

Basi na hilo ni vumbi, ila limekuja kwa miguu. Tope la unga laini linaziba udongo, maji hayaingii, mizizi inakosa hewa. Na maharage kwenye udongo wa chokaa uliolowa ndiyo yanakuwa njano kabisa.

#52 Mkonge Mmoja

Naona hamjamwambia jambo rahisi: abadilishe zao. Mkonge unakula chokaa nyingi sana, haujali vumbi, unavunwa jani wala si ua, na huku pwani ndiko kwao. Aende Mlingano pale Muheza, wako wataalamu wa udongo wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, watampimia na kumshauri.

#53 Jembe Halilali

Mama yake atakula singa? Watu wanataka ugali na maharage.

#54 Mkonge Mmoja

Atauza singa anunue maharage ya Mbozi. Kwako.

#55 Jembe Halilali

Hapo nimekuelewa.

#56 Mwana Mtambani

Wakuu, nimeshapanga hivi: udongo juu na chini, upande wetu na upande wa pili wa kiwanda, na kule kunakotuama nachota peke yake. Mabeseni mawili ya Mama Mchicha. Urea nimeacha. Barua ya kijiji naandika. Fundi, nisaidie moja: kuna wakati tanuru linasimama?

#57 Fundi Tanuru

Upo. Matofali ya ndani ya tanuru huliwa na moto, kwa hiyo linazimwa kwa matengenezo, na wengi hupanga masika kwa sababu ujenzi unapungua na saruji haitoki. Pima beseni kabla, wakati limezimwa, na baada. Malori yakiendelea na beseni la katikati ya shamba likawa tupu, mimi nitanyamaza kuhusu barabara.

#58 Sheria na Haki

Na usiku? Watu wanasema vichujio vinazimwa usiku kupunguza bili ya umeme.

#59 Fundi Tanuru

Kichujio cha umeme hujikata chenyewe gesi ya monoksidi ikipanda, maana cheche ingelipua. Umeme ukikatika nacho kinazima. Ndilo wingu mnaloliona. Kuzima kwa makusudi sijawahi kuamriwa.

#60 Sheria na Haki

Wewe hujaamriwa. Sawa.

#61 Mama Mchicha

Masika beseni litajaa maji ya mvua. Mwana Mtambani, chuja kwa kitambaa cheupe, anika, pima.

#62 Fundi Tanuru

Asichuje. Chumvi za potasi zinayeyuka, zitapita na maji, na hizo ndizo zinazoonyesha kwamba vumbi limetoka tanuruni na si barabarani. Achemshe maji yote yakauke, apime kinachobaki.

#63 Mpemba wa Maweni

Na achemshe kwenye sufuria safi, isiyo na ukoko wa maji ya kisima. Hayo nayo yana chokaa.